Mbacha, Msala na Gitaa la Besi

Methali isemayo "Usiache mbachao kwa msala upitao" nimeifundisha kwa muda wa miaka kumi na tisa, wala katika muda huo wote sikuwahi kuitilia shaka. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi wangu kwamba "mbachao" ni "mbacha wako", kama vile "mwanao" ni "mwana wako". Kwamba mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka wa kuswalia. Na kwamba mtu asikiache kilicho chake, hata kikiwa duni, kwa kukitamani kizuri kinachopita njia. Baada ya hapo huwapa zoezi, nao huandika. Mwaka jana, hata hivyo, methali hiyo ilinidai mimi mwenyewe jibu, na jibu hilo sikulikuta katika mwongozo wowote wa mwalimu.

Mambo yalianza hivi. Ninaishi Bujumbura, ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na Jumamosi jioni hupiga gitaa la besi katika kikundi kidogo cha harusini. Gitaa langu nililinunua mwaka 2009 kwa malimbikizo ya mshahara. Halikuwa gitaa la fahari: lilikuwa nakala iliyotengenezwa Japani, rangi yake imebabuka pale mkono wa kulia unapoegemea, na kitufe kimoja nilikuwa nimekipachua katika redio kuukuu. Siku moja akanijia mpigaji mwenzangu, mzaliwa wa Uvira, ambaye, tofauti na mimi, hana kazi nyingine ila muziki. Alikuwa na shauri. Yeye alikuwa na gitaa la besi la Kimarekani, Fender Precision la miaka ya 1970, na alitaka tubadilishane moja kwa moja, bila ya mtu kumwongezea mwenziwe hata faranga moja.

Kwa wasiokijua chombo hiki, besi ni lile gitaa lenye nyuzi nne nene ambalo wachezaji dansi hawalisikii mpaka linyamaze. Mimi nililipenda kwa sababu ya redio. Nyimbo za Les Wanyika, kundi lililozaliwa Nairobi mwaka 1978, zilipopigwa nyumbani kwetu wakubwa walifuata maneno, nami nilifuata besi ya Tom Malanga. Shingoni mwa gitaa hilo pana freti, yaani vyuma vyembamba vilivyopachikwa kuikata shingo. Mpigaji wa besi ile kubwa ya kusimama, tunayoiona katika taarabu, huitafuta sauti kwa sikio juu ya shingo tupu. Penye freti kidole huipata sauti kamili bila ya kupapasa. Ndiyo maana Leo Fender alipolitoa gitaa lake la besi mwaka 1951 aliliita Precision, yaani usahihi.

Sababu ya rafiki yangu ilikuwa mkononi mwake. Ajali ya pikipiki ilikuwa imemwachia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kisichonyooka vyema. Precision ina shingo pana. Upande wa kichwani hufikia milimita 41 hadi 44. Fender alipoleta gitaa la pili, Jazz Bass, mwaka 1960, aliipunguza shingo hiyo hadi milimita 38 hivi, na langu lilikuwa nakala ya hilo. Milimita tatu au sita si kitu kwa mtu mwenye vidole vizima. Kwa mwenye kidole kigumu, ndizo tofauti baina ya kuimaliza harusi na kuikatiza katikati.

Mtu angeweza kusema: hapa pana swali gani? Fundi wa Buyenzi anayenitengenezea ampilifaya alilitazama lile la Kimarekani, akaniambia kwamba mjini Nairobi lingepata mara tatu ya bei ya langu. Nilale niamke, faida ilikuwa yangu. Lakini usiku ule usingizi uliniruka.

Kubadilishana ni tendo la watu wawili. Sarufi yenyewe yasema hivyo. Naweza kubadili nia peke yangu, naweza kubadilisha nguo peke yangu, lakini kubadilishana siwezi mpaka apatikane wa pili, na kile kiambishi cha kutendana hakikubali kwamba mmoja atende na mwingine atendwe tu. Sasa palipo na mmoja aliyesukumwa na dhiki ya kidole, je, kutendana huko kungali kweli? Aristotle, katika maandishi yake juu ya maadili, alijiuliza mjenzi wa nyumba na mshona viatu wabadilishane vipi, maana nyumba moja haiwezi kuwa sawa na jozi moja ya viatu. Akaona kwamba kinachowaunganisha ni uhitaji wao, na kwamba fedha ni mwakilishi tu wa uhitaji huo. Nilipolisoma jambo hilo katika chuo cha ualimu nililikubali upesi. Leo naona lina tundu. Ikiwa uhitaji ndio kipimo, mwenye uhitaji mkubwa zaidi atalipa zaidi. Basi mwenye kidole kibovu atalipa zaidi kwa sababu tu kidole chake ni kibovu.

Asubuhi nilimwendea nikamwambia bei ya Nairobi. Alicheka.

"Mwalimu," akasema, "bei ya Nairobi haipigi harusi ya Bujumbura."

Kisha akanihesabia: nauli ya kwenda na kurudi, siku za kumtafuta mnunuzi asiyemjua, na Jumamosi ambazo hatapata kitu kwa kuwa hayupo. Nami nilikiri kwamba alikuwa na hoja. Bei haimo ndani ya kitu kama uzito ulivyomo ndani ya jiwe. Bei ni habari ya mahali na ya watu waliopo hapo. Ridhaa ya mtu anayejua haifanani na ridhaa ya mtu asiyejua, na yeye sasa alikuwa anajua. Kwa kumwambia nilijipunguzia nusu ya mzigo. Nusu ya pili ilikuwa gitaa langu mwenyewe.

Katika fikihi ya Kiislamu, ambayo wazee wengi wa Buyenzi waliisoma madrasani, muuzaji analazimika kuitaja aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi aliyefichwa aibu hiyo ana hiari ya kuirudisha. Wanafunzi wangu hushangaa niwaambiapo hivyo, maana kwao aibu ni ya mtu, wala si ya kitu. Lakini katika Kiarabu neno hilo maana yake ni kasoro. Ni sisi wasemaji wa Kiswahili tuliolitoa katika bidhaa tukamvika mtu. Sidai kwamba ndivyo neno lenyewe lilivyosafiri, ila mimi hupenda kulifikiria hivyo: kasoro iliyofichwa ndani ya kitu huja kuonekana usoni mwa aliyeificha. Basi nikaketi na kalamu kuziandika aibu za gitaa langu. Rangi iliyobabuka. Kitufe cha redio. Waya wa ndani unaokwaruza ukitikiswa. Nikaona orodha ni fupi, nikaridhika na nafsi yangu kama mtu aliyekwisha kuoga.

Tulikuwa tumekubaliana tuazimane kwanza kwa muda wa wiki moja, yeye achukue langu nami nichukue lake. Siku ya nne alirudi na gitaa langu mgongoni, akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, do hii ya juu huwa unaipiga wapi?"

Akaweka kidole kwenye uzi mwembamba, freti ya tano, akaipiga. Sauti ilitoka, kisha ikafa papo hapo, kama mtu aliyeanza kusema neno akazibwa mdomo. Akapiga freti ya nne, ikaimba vizuri. Akapiga ya saba, ikaimba. Akarudi kwenye ya tano, ikafa tena. Nikamjibu, bila ya kufikiri, kwamba do hiyo mimi huipiga kwenye uzi wa pili, freti ya kumi, ambako sauti ni ileile. Nilipokwisha kusema ndipo nilipojisikia nilivyosema.

Jambo lenyewe lina maelezo yake, wala si la uchawi. Shingo ya gitaa ni ubao, na ubao hutikisika. Una mtikisiko wake wa asili. Sauti ya uzi ikikutana na mtikisiko huo, shingo huzinyonya nguvu za uzi, na sauti hufa mapema kuliko zile za jirani yake. Magitaa mengi ya besi ya aina ya Fender yana mahali kama hapo, aghalabu kwenye uzi mwembamba, baina ya freti ya tano na ya saba. Si ufa unaoweza kutiwa gundi, wala si uzembe wa fundi. Ni tabia ya ubao.

Kilichonishtua si kwamba gitaa langu lilikuwa na kasoro. Kilichonishtua ni kwamba sikuwa nimeificha. Nilikuwa nimeketi na kalamu, kwa nia njema kabisa, nikiandika aibu zote hata ile ya kitufe, na hii iliyo kubwa kuliko zote haikunijia akilini. Mkono wangu uliijua. Kwa miaka mingi mkono huo ulikuwa ukipazunguka mahali pale kama vile mwenye nyumba anavyoliruka gogo la mlangoni gizani, asijue kwamba anaruka. Tena kuna jambo linalonitia haya kulisema: wenzangu katika kikundi walikuwa na desturi ya kunisifu kwa namna ninavyopanda juu ya shingo ghafula katikati ya wimbo. Wakisema kwamba ule ndio mtindo wangu. Kumbe mtindo ule ulikuwa kuchechemea.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Tunawafundisha watoto kwamba mkweli ni yule anayesema anayoyajua. Kwa kipimo hicho mimi nilikuwa mkweli, na rafiki yangu angepoteza riziki kwa ukweli wangu. Mtu aliyekaa na kitu muda mrefu humjia mwenziwe kama shahidi bora, naye kwa hakika ni shahidi mbaya kuliko wote, kwa kuwa mazoea yake yamekwisha kuziba kila tundu. Hata ile sheria ya kutaja aibu, nzuri kama ilivyo, humfunga mtu kwa yale anayoyajua, na mazoea huondoa mambo katika yale tunayoyajua bila ya kutuomba ruhusa.

Walimu wenzangu, tusidhani kwamba mambo haya ni ya magitaa tu. Niliwahi kumkabidhi mwalimu mwingine darasa, nikamwambia kwamba ni darasa zuri. Nalo lilikuwa zuri, kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa nimeacha kumwuliza swali kijana mmoja wa nyuma mwenye kigugumizi, na somo lilikwenda bila ya kukwama. Sikumtaja kijana yule. Wala sikumbuki kwamba niliamua kutomtaja.

Turudi kwenye shauri letu. Kwa kuwa langu lilikuwa limeumbuliwa, nililichukua lile la Kimarekani nikalipiga freti moja baada ya nyingine, kama mtu anayegonga kuta za nyumba mpya. Nalo nikalikuta na mahali pake, kwenye freti ya sita, nusu hatua tu juu ya pangu. Nilimwuliza. Akasema hakuna kitu kama hicho, analo gitaa hilo tangu ujana wake. Nikampa alipige. Alipiga, akaduwaa, kisha tukacheka wote wawili mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mwalimu mmoja wa falsafa tunayefundisha naye alipokisikia kisa hiki alisema kwamba tunajisumbua bure: gitaa ni mbao na nyuzi, na mbao huchukua nafasi ya mbao. Nilimtajia Paul McCartney wa kundi la Beatles. Mtu huyo alinunua besi ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961. Mwaka 1963 akapata nyingine ya kiwanda hichohicho, na hiyo ndiyo aliyoendelea kuipiga. Ile ya kwanza iliibiwa London mwaka 1972, na habari za kupatikana kwake zikatangazwa mwaka 2024, baada ya watu kuitafuta kwa bidii. Haiwezekani kwamba alikosa besi kwa miaka hamsini na zaidi. Basi walikuwa wakitafuta nini, kama mbao ni mbao?

Mwenzangu hakushindwa. Alinikumbusha wanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam. Katika NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na katika bendi nyingi zilizofuata, vyombo havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki akihamia bendi nyingine aliliacha gitaa ukumbini akaondoka na vidole vyake, na siku ya pili yake mashabiki walimtambua kwenye gitaa jingine kabla ya kuuona uso wake.

Hoja hiyo nimeifikiria sana, nami naielekea zaidi kuliko ile yangu ya Höfner. Hata hivyo haiondoi jambo moja. Katika biashara ya kawaida, ninapouza unga nikanunua sabuni, ninachokitoa mwenzangu hukipokea chote. Katika kubadilishana vyombo vilivyozeeka mkononi sivyo. Ule ujuzi wangu wa kulikwepa gogo la mlangoni hauwezi kumfikia rafiki yangu pamoja na gitaa, wala ule wake haunifikii mimi. Kila mmoja hupoteza kitu ambacho mwenziwe hakipati. Hasara hiyo haimo katika bei ya Nairobi wala ya Bujumbura, na mtu asiyeihesabu atajiona ametapeliwa bila ya kumjua aliyemtapeli.

Mwishowe tulibadilishana. Tuliandika karatasi moja iliyokatwa katika daftari la mazoezi: upande mmoja aibu za langu, upande wa pili aibu za lake, freti ya tano na ya sita zikiwa juu kabisa, na chini yake sharti kwamba kwa muda wa mwaka mmoja kila mtu ana hiari ya kukirudisha chombo na kurudishiwa chake, pasipo kuulizwa sababu. Nilimpa fedha juu yake akazikataa. Nikamsihi. Mwisho alikubali nimnunulie seti mbili za nyuzi, maana nyuzi za besi ni ghali na zile za gitaa langu zilikuwa zimechoka. Sidai kwamba nyuzi nane zinaziba pengo lile. Alikubali akijua, nami nilipokea nikijua, na kila nikilitoa gitaa hilo katika mfuko wake hulikumbuka.

Ama ile methali, mwaka huu nimeifundisha tena. Niliwaambia wanafunzi kwamba tuliangalie vizuri neno "upitao": wahenga hawakuukataza msala uliosimama mlangoni ukabisha hodi, walikataza ule upitao. Nilidhani nimesema jambo la maana. Msichana mmoja akanyosha mkono akauliza: mwenye mbacha anaonywa, lakini mwenye msala yeye anaambiwa nini? Nilimjibu kwamba tutalizungumza wiki ijayo, na wiki hiyo imekwisha kupita.

Hiari yetu ina miezi minne zaidi. Jumamosi moja kikundi chetu hakikuwa na kazi, nikaenda kumsikiliza rafiki yangu harusini. Kidole chake kilihimili mpaka saa sita ya usiku. Katika wimbo wa tatu au wa nne nilimwona akiikaribia ile do, nikajua atakapoipiga. Hakupanda kwenye freti ya kumi kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Aliipiga palepale kwenye ya tano, akaiacha ife, na mpiga ngoma akaingia katika nafasi iliyobaki. Mimi, kwa upande wangu, bado ninapanda juu, kwenye gitaa ambalo do yake haina taabu yoyote.